Asubuhi Isiyopimwa

Kwa muda wa mwezi mzima Tumpe aliijua asubuhi ya baba mkwe wake kwa masikio tu.

Kitanda ndicho kilichoanza kulalama. Kikafuata kimya kirefu, kama cha mtu anayejipanga kubeba gunia. Halafu fimbo ikakwaruza sakafu, ikateleza, ikaanguka. Na Mzee Ambakisye, ambaye katika miaka yake sabini na minne hakuna aliyewahi kumsikia akitukana, akasema neno moja zito la Kinyakyusa ambalo mkamwana hapaswi kulisikia. Tumpe alikuwa jikoni, upande wa pili wa ukuta. Akachukua ufagio na kufagia kwa kishindo ili mzee ajue kwamba hakusikia.

Kuingia hakuweza. Katika nyumba ile, na katika kila nyumba ya Ilundo iliyokuwa bado na mzee wa kiume, mkamwana hamwoni baba mkwe wake kitandani, hapishani naye mlangoni, wala hamtazami usoni. Wasomi walikuwa wakisema desturi hiyo imekwisha, kwamba watu ambao magari yao hujiendesha yenyewe hawawezi tena kuogopana chini ya paa moja. Mchana ilikuwa imekwisha kweli. Asubuhi, kwenye mlango wa chumba cha mzee, ilikuwa hai.

"Wewe kuku," sauti ya mzee ilisema hatimaye kutoka ndani, "mwambie mwenye jiko kwamba leo sitawahi kitaluni. Wakiniandika mtoro, na waandike."

Kuku mwenyewe alikuwa uani akiparua. Hivyo ndivyo walivyozungumza kwa miaka ishirini na miwili, mzee na mke wa mwanawe: kupitia kuku, kupitia birika, na wakati fulani, kuku walipokufa kwa kideri, kupitia picha ya askofu kwenye kalenda.

"Kuku anauliza kama mabega ni yaleyale," Tumpe alijibu akiutazama moto.

"Mabega, shingo na nyonga. Mwambie jana jioni nilishindwa kuvua koti. Nikaona ni vema, nikalala nalo. Leo nimeokoa kazi ya kulivaa."

Tumpe alicheka kidogo, kisha akaona haya kwa kucheka.

Kuandikwa mtoro halikuwa jambo dogo. Vijana walikuwa wamekwisha kuhamia mijini, na milima yote ya Rungwe ilikuwa imebaki na wazee na watu wachache wa makamo kama yeye. Ndipo ikaja Sheria ya Mikono: kila mzee mwenye afya atoe asubuhi tatu kwa juma katika kitalu cha miparachichi, saa moja kamili, ili kijiji kile na kiuze. Aliye mgonjwa hupumzishwa na kupewa dawa bure. Lakini nani mzima na nani mgonjwa halikusemwa na daktari, kwa kuwa daktari alikuwa mmoja kwa tarafa nzima. Lilisemwa na Mizani.

* * *

Saa nne, jua lilipokuwa limekwisha kukausha umande, Tumpe aliweka bangili ya Mizani juu ya kigoda uani, akarudi jikoni na kuegesha mlango. Alimsikia mzee akija. Mwendo wake sasa ulikuwa mwingine kabisa, wa polepole lakini wa mtu. Alikuwa amenawa, ameota jua, amezunguka migomba mara mbili.

"Karibu, Mzee Ambakisye," ilisema bangili kwa sauti ya binti mwenye adabu. "Inua mikono yote miwili. Vizuri. Simama, kaa. Simama, kaa. Mara tatu zaidi."

Mizani haikuchoma sindano. Ilisoma joto la ngozi, jasho, mapigo ya moyo na jinsi misuli inavyovuta mifupa. Kisha ikalinganisha na wazee elfu tisa waliopimwa zamani ili kuifundisha. Damu ilichukuliwa pale tu Mizani ilipoona sababu, kwa kuwa vifaa vya kupimia damu vilikuwa haba.

"Ahsante," ilisema bangili. "Mzee Ambakisye ni mzima. Misuli ina nguvu. Hakuna sababu ya kuchukua damu. Unakumbushwa kuhudhuria kitalu."

Ilikuwa mara ya nne.

"Kuku," alisema mzee, "huyu binti wa kwenye bangili ameolewa?"

"Kuku anasema hajaolewa, Baba."

"Nilijua. Angeolewa angejua mtu akidanganya kuwa mzima anavyofanana."

Tumpe hakucheka safari hii, kwa sababu binti wa kwenye bangili alifundishwa na yeye. Alikuwa mmoja wa wanawake arobaini walioajiriwa miaka mitano nyuma kukusanya vipimo vya wazee wa nyanda za juu, na kati ya wote arobaini ni yeye aliyepewa cheo cha mfunzi. Mpaka leo makosa ya Mizani ya tarafa ile yalipitia mikononi mwake.

Alasiri hiyo, Jumanne, alifungua maktaba ya magonjwa na kuandika mambo matatu: mabega, nyonga, asubuhi. Jibu lilikuja haraka, nalo lilikuwa limeandikwa kwa maneno mepesi. Upo ugonjwa unaowapata watu waliovuka miaka hamsini, hasa wale wa sabini. Askari wa mwili, wanaopaswa kupigana na vijidudu, huasi na kushambulia utando unaozunguka maungio ya mabega na nyonga. Kikulacho ki nguoni mwako. Misuli yenyewe haiumwi, ndiyo maana ukiipima nguvu zake huoni kitu. Maumivu yapo katika kuisogeza. Mgonjwa huamka amekakamaa kama ngozi iliyokaushwa, hawezi kugeuka wala kuchana nywele, kisha hulegea polepole kadiri anavyotembea. Damu huonyesha uvimbe waziwazi. Dawa ni vidonge vya steroidi, vya kale na vya bei ndogo, na kwa kawaida mtu huona nafuu katika siku chache.

Chini palikuwa na onyo. Wachache kati ya wagonjwa hawa huvimba pia mishipa ya damu ya kichwani. Kichwa kikiuma kwenye panja, ngozi ya kichwa ikiguswa ikauma, taya likichoka wakati wa kutafuna, au macho yakififia, asingojewe hata siku moja. Mshipa wa jicho huziba, na jicho likishakufa halirudi.

Tumpe alisoma mara mbili. Kisha akafanya lile lililomfanya baadaye asiweze kusema kwamba hakujua. Alifungua vipimo vya wale wazee elfu tisa na kuvipanga kwa saa.

Saa nne. Saa nne na nusu. Saa tano. Hapakuwa na hata kimoja cha kabla ya saa nne.

Hakuhitaji kuuliza sababu. Wanawake arobaini, wote wameolewa, wote wakikaa na baba wakwe zao. Nani angeingia chumbani alfajiri na bangili mkononi? Walingoja wazee watoke, wanawe uso, wakae juani. Na ratiba ile iliandikwa na mtu mmoja. Aliikuta, mwandiko wake mwenyewe: *Wazee wapimwe kuanzia saa nne, wakishatoka nje, kwa heshima.* Alikumbuka kwamba mstari ule ulisifiwa katika mkutano. Walimpigia makofi.

Mizani haikuwahi kuonyeshwa mzee anayeamka.

* * *

"Una njia mbili," alisema Nsajigwa, msimamizi wake wa ofisi ya Mizani mjini Tukuyu, siku ya pili yake, Jumatano. Alikuwa mtu mnene mpole aliyependa karanga, na alizitafuna kwenye simu bila kuomba radhi. "Unaweza kuandika Kosa la Msingi. Ukiandika, Mizani inazimwa nyanda zote ichunguzwe. Siku arobaini."

"Siku arobaini?"

"Wazee elfu sita wanapata dawa ya sukari na ya presha kupitia hiyo bangili, dada Tumpe. Wewe ni mtu wa sala. Zipigie hesabu hizo siku arobaini kwa magoti."

"Njia ya pili," Nsajigwa aliendelea, "ni Alama ya Shahidi. Kwa mtu mmoja tu. Mfunzi anaapa kwamba amemwona mgonjwa kwa macho yake katika hali ambayo Mizani haikuiona, na damu inachukuliwa siku hiyohiyo. Weka alama, baba mkwe apate vidonge vyake, hayo mengine tuyazungumze mwakani."

"Sijamwona. Nimemsikia."

"Sasa tofauti ni nini? Ukuta?"

"Kiapo kinasema macho yangu, kaka. Na kinaanza kwa jina la Mungu."

"Basi ingia umwone."

"Wewe ungemwambia mkeo aingie kwa baba yako?"

Karanga zilinyamaza. "Baba yangu angehama nyumba," alisema Nsajigwa. "Haya. Mumeo yuko wapi?"

Gwakisa alikuwa kwenye visima vya mvuke wa kufua umeme, ambako mafundi hukaa majuma mawili ndipo wapate kurudi. Angerudi Jumamosi. Yeye ni mwana. Kwake mlango ule haukuwa na desturi. Angeingia alfajiri, angeona, angeshuhudia mbele ya mkewe, na kanuni iliruhusu ushahidi wa mwana wa kumzaa. Siku tatu tu. Tumpe alipiga magoti kando ya magunia ya mahindi, akamwomba Mungu amwepushe na kiapo cha uongo na amlindie mzee, na alipoinuka alijisikia mwepesi, ana amani. Baadaye, amani ile ndiyo iliyomuumiza kuliko yote.

Kuhusu wazee wengine hakuomba neno. Alijiambia kila jambo lina wakati wake.

* * *

Alhamisi mzee alirudisha kande akiwa amezionja tu.

"Kuku, mwambie mpishi mahindi ya mwaka huu ni magumu. Nikitafuna mara tatu taya linachoka kama nimetafuna kamba."

Tumpe alisimama na sahani mkononi. Aliyajua maneno yale. Aliyasoma Jumanne.

"Kuku anauliza," alisema, "anauliza kama kichwa kinauma, Baba."

"Kofia inabana, hilo tu. Nimeivua."

"Na macho?"

"Macho ni ya mzee."

Tumpe alikwenda hadi kwenye mlango wa chumba. Aliweka mkono juu ya komeo. Lilikuwa la chuma, limelainishwa na viganja vya miaka mingi, na kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kulishika. Akafikiri: nikiingia namvua nguo mzee wa watu. Nikiapa bila kuingia, namdanganya Mungu. Kesho ni Ijumaa. Keshokutwa Gwakisa yuko hapa. Akaondoa mkono. Akaenda kupika uji.

Ijumaa asubuhi kitanda kililalama kama kawaida, kikafuata kimya, na kimya hakikuisha. Halafu mzee akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kuku, mbona leo hamjafungua dirisha?"

Tumpe alikuwa uani. Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limeingia ndani hadi miguuni pa kitanda. Aliliona kutoka pale aliposimama.

Hakukumbuka kulifungua komeo. Alikumbuka tu kwamba alikuwa ndani, na kwamba chumba kilinuka dawa ya kuchua na sufu ya koti, na kwamba mzee alikuwa amelala chali na koti lake kama maiti aliyevikwa kwa safari, akijaribu kuinua mkono ajifunike uso. Mkono haukufika. Ulipanda hadi kifuani, ukatetemeka, ukarudi.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Baba. Tumpe."

"Geuka," alisema. "Geuka, mwanangu. Tafadhali."

Hakugeuka. Alimshika chini ya mabega, naye akapiga kelele ya maumivu ambayo Tumpe alikuwa ameisikia mwezi mzima ikiwa imefunikwa na blanketi.

"Jana jioni lilishuka pazia kwenye jicho la kulia," mzee alisema wakiwa njiani, amekaa kwenye gari la wagonjwa, uso ameuelekeza dirishani kana kwamba anatazama chai mashambani. "Lilikaa kidogo likapanda. Nikasema si jambo la kumwambia kuku."

* * *

Damu ilionyesha kila kitu, na waziwazi, kama maktaba ilivyosema. Walimpa steroidi kwa sindano siku ileile. Daktari, binti mdogo aliyechoka, alimwambia Tumpe kwamba jicho la kulia limekwenda na la kushoto linaona vivuli. Wanapigania vivuli hivyo visipotee.

Jumapili mzee aliinua mikono yote miwili juu ya kichwa chake. Aliiinua bila shida, kama mwalimu wa kwaya, akaishusha, akaiinua tena.

"Tazama," alimwambia Gwakisa, aliyekuwa amefika Jumamosi saa nane mchana kama alivyoahidi. "Hakuna kitu. Hata kidogo. Mwezi mzima, na dawa ndogo hivi."

"Tumshukuru Mungu, Baba," alisema Gwakisa.

"Mshukuru wewe kwanza, mimi nitafuata." Alishusha mikono. "Watu husema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Waliosema hivyo walikuwa wanaona."

Tumpe alikuwa amekaa upande mwingine wa kitanda. Hakuna aliyemtoa. Hapakuwa na desturi ya kumzuia sasa. Mzee hakuweza kuona kama anatazamwa. Tumpe aliwaambia wote wawili, bila kuku wala birika, yale aliyoyajua Jumanne na yale aliyoyajua Alhamisi.

Gwakisa aliinuka akatoka nje.

"Kwa hiyo ulikuwa unanistahi," alisema mzee.

"Ndiyo, Baba."

"Na Mungu pia ulikuwa unamstahi."

"Ndiyo."

"Tumestahiwa sana," alisema mzee, akageuza uso ukutani.

Jumatatu Tumpe aliandika Kosa la Msingi. Aliandika jina lake, mstari wake wa *kwa heshima*, na tarehe. Alingoja siku arobaini zianze. Jumanne mchana Nsajigwa alimpigia, na hakuwa akitafuna kitu.

"Imekwisha," alisema. "Wamebadilisha saa. Kuanzia kesho wapya wote watapimwa wakiwa kitandani, saa kumi na mbili, na watu wa kutoka nje."

"Siku arobaini?"

"Hawakuizima hata kidogo. Ilichukua mchana mmoja."

"Ulinambia siku arobaini, kaka."

"Ndivyo ilivyoandikwa kwenye kanuni, dada. Sikujua kwamba ni namba ya kutisha watu. Hakuna aliyewahi kuandika tukajua." Akakohoa. "Wamekuvua ufunzi. Samahani."

"Na waliokwisha kupimwa? Walioambiwa ni wazima?"

"Mashine imetoa majina mia tatu na kumi na moja yanayotia shaka. Watapimwa upya kwa zamu. Miezi minane hivi."

"Nani atakwenda kuwaambia?"

"Kuwaambia nini?"

Aliomba ayaone majina. Nsajigwa alimsomea yote kwenye simu, polepole, kwa muda wa saa moja na zaidi, naye akayaandika kwa mkono. Lilikuwa jambo jema, na Tumpe hakuweza kumshukuru.

* * *

La kwanza katika kijiji cha pili lilikuwa jina la Mzee Mwakatundu, fundi seremala wa zamani. Tumpe alifika saa moja asubuhi, makusudi. Mkamwana wa nyumba ile, mwanamke mwembamba mwenye haraka, alimwonyesha mlango kwa kidevu.

"Yumo. Kama kawaida yake. Jua likimfikia ndipo ataamka."

Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja ndani ya suruali na mmoja nje. Ni wazi alikuwa amekaa hivyo muda mrefu. Tumpe hakuwa mkwe wake, na kijijini pale alikuwa mgeni tu. Mzee alimtazama bila aibu, amechoka.

"Ugonile, Tata," Tumpe alimwamkia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mwanangu. Kama umetumwa na kitalu, waambie nakuja. Nachelewa, lakini nakuja."

"Sikutumwa na kitalu." Akapiga magoti sakafuni ili macho yao yalingane, akamweleza: saa nne, bangili, wazee elfu tisa, ugonjwa wa mabega na nyonga. Alimwambia kwamba huenda ni mgonjwa, kwamba daktari amekubali kumchukua damu leo hii bila kungoja zamu, na kwamba kipo kidonge. Akamuuliza juu ya kichwa, taya na macho. Vyote vilikuwa salama.

Mzee Mwakatundu alisikiliza hadi mwisho.

"Mizani ilisema mimi ni mzima," alisema.

"Ilikosea. Mimi ndiye niliyeikosesha."

"Mara sita ilisema. Nikaandikwa mtoro mara thelathini." Alisema taratibu, kama mtu anayepima ubao kabla ya kukata. "Nikajiuliza, kama mwili ni mzima, basi kibovu ni nini? Ni moyo. Ni uvivu umeniingia uzeeni. Mke wa mwanangu alisema hivyo, na wajukuu wakasema hivyo. Mwezi wa tatu nilisimama kanisani, mbele ya watu wote, nikatubu dhambi ya uvivu."

"Nililia," aliendelea mzee. "Mchungaji akaniombea. Watu wakaniimbia. Kesho yake nikaamka vilevile, siwezi kuinua mguu, nikajua kwamba hata toba yangu Mungu ameikataa." Alitazama mguu wake uliokuwa nje ya suruali. "Tangu siku hiyo sijaomba. Ningeombaje?"

Nje, mkamwana alikuwa akifagia kwa nguvu.

"Hukuwa mvivu, Tata," alisema Tumpe.

"Usiniambie mimi."

Mzee aliegemeza mkono begani kwa Tumpe, akatafuta nguvu za kusimama, naye Tumpe akamsaidia. Walichukua muda. Suruali ilipopanda na mkanda ukafungwa, mzee alikuwa anahema, na jasho limemtoka usoni.

"Ibada inaanza saa tatu," alisema. "Nilisimama upande wa kulia wa mimbari, pale wanaposimama wanaofungishwa ndoa, ili hata wa nyuma wanione. Jumapili utasimama hapohapo. Utasema ni nani aliyekosa."

"Nitasema."

"Kwa sauti. Wa nyuma hawasikii vizuri."

"Kwa sauti, Tata."

"Haya," alisema Mzee Mwakatundu, bila kuondoa mkono begani kwake. "Nipeleke nikachukuliwe damu."